Kuona Ndani Bila Kuvunja: Kutoka Silinda ya Cape Town Hadi Mtoto wa Panga ya Saidi

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi za wateja zilinibana. Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na programu mpya, tuzungumze historia kidogo. Msiogope, ni historia yenye hesabu ndani yake, na sehemu yake kubwa imetokea Afrika.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ushauri mzuri, lakini je, kama kufungua ndiko kunakoibomoa nyumba? Mama anayenunua chungu hapa sokoni Kakamega anajua jibu. Hakivunji ili aone kama kina ufa. Anakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio. Mwenye mayai anayatia ndani ya maji, na linaloelea analitupa. Fundi wa magurudumu anafanya vivyo hivyo kwa ndoo ya maji na macho yake. Wahandisi wameupa ustadi huu jina refu: kupima bila kuharibu. Chombo chake kikali kuliko vyote ni tomografia ya kompyuta kwa miale ya eksirei, ile ambayo hospitalini tunaiita CT kwa kifupi.

Watu wengi hudhani CT ni mali ya hospitali, kwamba ilianza kwa wagonjwa kisha wahandisi wakaiazima. Ukiifuatilia vizuri unakuta kitu cha kwanza kabisa kupimwa kwa hesabu hizi hakikuwa mtu. Kilikuwa kipande cha chuma na mbao, na kilipimwa Afrika Kusini.

Lakini tuanzie nyuma zaidi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei kule Würzburg, Ujerumani. Picha ya eksirei ni ajabu kubwa, ila ina kasoro moja: ni kivuli. Simama juani ukishika kikombe mbele ya kifua chako, kisha utazame kivuli chako ukutani. Kikombe hukioni, kimemezwa na kivuli cha mwili. Eksirei ya kawaida nayo hulundika kila kilicho mbele na kila kilicho nyuma kwenye picha moja.

Waliochunguza visukuku ndio walioumia zaidi. Mfupa wa kale mara nyingi umejaa mwamba na kugeuka kuwa mwamba wenyewe. Utauonaje kwa ndani? Mwanzoni mwa karne ya 20, William Sollas wa Oxford alitumia njia moja ya kikatili: alisaga kisukuku kidogo kidogo, akachora au kupiga picha kila tabaka, kisha akasaga tena. Mwishoni ulikuwa na rundo la picha nzuri na vumbi mezani. Umejua kila kitu kuhusu kitu ambacho hakipo tena. Sisi waandishi wa programu tungesema ni sawa na kusoma faili kwa njia inayoifuta unapoisoma, tena huna nakala.

Sasa njoo Cape Town mwaka 1956. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mhadhiri wa fizikia chuo kikuu. Hospitali ya Groote Schuur ilimpoteza mwanafizikia wake, na sheria ilitaka mtu wa fani hiyo asimamie vifaa vya mionzi. Cormack akaombwa ashike nafasi hiyo kwa siku moja na nusu kila wiki, kwa miezi sita. Alipoona jinsi madaktari walivyopanga tiba ya mionzi, akashangaa: walikadiria kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, ilhali mfupa, misuli na mapafu hunyonya miale kwa viwango tofauti. Akajiuliza: nikipima miale kutoka nje tu, kwa pembe nyingi, naweza kukokotoa kilichomo ndani?

Alitengeneza kitu cha majaribio. Kilikuwa kisahani cha upana wa sentimita 20, katikati alumini, na kuizunguka pete ya mbao za mwaloni. Akakipitishia miale ya gama kutoka kwa kobalti, akapima, akakokotoa. Hesabu zilikubaliana na ukweli isipokuwa pale katikati kabisa, ambako namba zilikuwa na kasoro ndogo. Akaenda kumuuliza fundi wa karakana aliyekitengeneza. Kumbe! Katikati ya kisahani kulikuwa na kijiti cha alumini safi cha upana wa sentimita 1.13, na sehemu iliyokizunguka ilikuwa alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Cormack hakuwa na habari.

Tafadhali soma tena aya hiyo. Jaribio la kwanza la hesabu hizi lilifichua siri ndani ya chuma ambayo mwenye jaribio mwenyewe hakuijua, na hakuna aliyekikata kile kisahani. Kwa hiyo kupima vitu bila kuviharibu si mtoto wa CT ya hospitali. Mimi naona ndiye kifungua mimba.

Cormack alichapisha hesabu zake katika jarida la Journal of Applied Physics mwaka 1963 na 1964. Dunia ilinyamaza. Ombi la kuvutia zaidi alilopata la nakala ya makala yake lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji, waliotaka kujua kama njia hiyo ingepima theluji mlimani. Baadaye Cormack aligundua kwamba mwanahisabati Johann Radon alikuwa ameshatatua fumbo hilo kwenye karatasi mwaka 1917. Somo kwa wanaoandika programu: kabla hujaandika maktaba yako, tafuta kama kuna aliyeiandika.

Hesabu yenyewe ikoje? Chukua kalamu. Chora mraba wenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Nimeficha namba katika kila chumba. Huruhusiwi kufungua chumba, lakini nakupa jumla za mistari. Safu ya juu inajumlisha 7, ya chini 9. Nguzo ya kushoto inajumlisha 5, ya kulia 11. Namba ni zipi? Unaweza kusema juu ni 2 na 5, chini ni 3 na 6. Sawa. Jirani yako anasema juu ni 1 na 6, chini ni 4 na 5. Hakikisha: naye yuko sawa! Jumla zote zinakubali. Sasa nawapa jumla moja zaidi, ya mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia: ni 8. Jirani yako ameshindwa, maana 1 na 5 ni 6. Jibu limebaki moja.

Hiyo ndiyo CT. Kila mwale wa eksirei unaopenya kitu unatoka upande wa pili umepungua, na upungufu huo ndio jumla ya mstari mmoja. Ukipiga pembe mbili tu, majibu ni mengi. Ukiongeza pembe, majibu ya uongo yanaanguka moja baada ya jingine. Kinachobaki ni ramani ya ndani, tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa slesi. Vyumba vyetu vinne huitwa pikseli, na ukipanga matabaka juu ya mengine unapata vyumba vya pande tatu, yaani vokseli.

Mimi mwenyewe nimejaribu kwenye kompyuta yangu hapa nyumbani. Nilipiga picha avokado iliyokatwa katikati, nikatumia maktaba ya scikit-image ya lugha ya Python kukokotoa jumla za mistari, kisha nikaiambia iirudishe picha kutoka kwenye jumla hizo peke yake. Kwa pembe 10 ilitoka kama nyota yenye mikwaruzo, kokwa huioni. Kwa pembe 180 kokwa ikatokea, mviringo, na ganda lake. Yeyote mwenye Python anaweza kufanya hivyo jioni moja. Si uchawi, ni kujumlisha kwingi sana.

Na kujumlisha kwingi ndiko kulikohitaji kompyuta. Hapa anaingia Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, ile iliyouza santuri za Beatles. Huyu alikuwa mtu wetu: kabla ya hapo aliongoza kundi lililounda kompyuta ya EMIDEC 1100. Hakuwa amesoma makala ya Cormack. Alifunga chanzo cha miale ya gama kwenye kitanda cha mashine ya kukerezea chuma, akaweka kitu cha kupimwa katikati, akakizungusha kidogo kidogo. Kupima kulichukua siku 9, na kompyuta kubwa ikachukua saa 2 na nusu kukokotoa. Alipobadilisha akatumia eksirei, siku 9 zikawa saa 9. Mwenyewe alisimulia kwamba alisafiri ndani ya magari ya abiria ya London akiwa amebeba bongo za ng'ombe za kufanyia majaribio. Sijui jirani yake kwenye kiti angefanya nini kama angejua.

Mgonjwa wa kwanza alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine hiyo ilichukua vipimo 160 kwa kila moja ya pembe 180, jumla vipimo 28,800 kwa tabaka, na kutoa picha ya pikseli 80 kwa 80. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Baada ya hapo CT ikarudi ilikoanzia, kwa vitu visivyo na uhai. Na vitu vina faida kubwa kuliko wagonjwa: havipumui, havitikisiki, havichoki, na unaweza kuvipiga miale kwa saa nyingi. Hospitalini mgonjwa hulala na mashine humzunguka. Katika mashine ndogo kali ziitwazo maikro-CT, ni kitu kinachozungushwa na mashine imetulia. Viwandani hutazama matundu ya kupozea ndani ya mapanga ya injini za ndege, na tabaka za ndani za betri. Mwaka 1984 Glenn Conroy na Michael Vannier walionyesha katika jarida la Science kwamba unaweza kutenganisha fuvu na mwamba uliolijaza kwa kompyuta, bila patasi. Njia ya Sollas ilikuwa imepata mrithi asiyebakiza vumbi.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Kakamega ukiteremka kwenda Ziwa Viktoria kuna kisiwa kidogo kiitwacho Maboko. Mwaka 1997 lilitangazwa fuvu lililopatikana hapo la tumbili wa miaka milioni 15, Victoriapithecus. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokiona ndani yake kwa maikro-CT: ubongo wa sentimita za ujazo 36 hivi, mdogo kuliko ulivyotarajiwa kwa tumbili wa mwili huo, lakini wenye mikunjo mingi. Kwa hiyo katika ukoo wa tumbili, ubongo ulianza kuwa na mikunjo kabla haujawa mkubwa. Hakuna patasi ambayo ingetuambia hivyo, kwa sababu ubongo wenyewe ulishaoza zamani. Kilichopimwa ni alama zake ndani ya fuvu.

Mwaka 2014, magharibi mwa Ziwa Turkana mahali paitwapo Napudet, kundi la mwanasayansi Mkenya Isaiah Nengo lilikuwa likirudi kwenye gari. John Ekusi, mtafuta visukuku aliyekuwa ametangulia, akaona kitu ardhini. Kilikuwa fuvu la nyani mchanga, ukubwa wa limau, la miaka milioni 13. Walimwita Alesi, kutoka neno la Kiturkana lenye maana ya babu wa kale. Fuvu zima namna hiyo halijawahi kuwa kitu cha kawaida, na hakuna ambaye angethubutu kulikata.

Nengo alilipeleka Grenoble, Ufaransa, kwenye sinkrotroni ya ESRF, mtambo unaotoa eksirei kali kupita kiasi. Ndani ya taya yalionekana meno ya ukubwani ambayo hayakuwa yameota bado. Umbo la meno hayo lilionyesha kwamba Alesi ni wa jenasi ya Nyanzapithecus, jina lililotokana na Nyanza, majirani zetu. Wakahesabu mistari ya ukuaji ndani ya meno kama unavyohesabu pete za mti, wakajua alikufa akiwa na mwaka 1 na miezi 4. Uso wake ulifanana na wa giboni, wale nyani wa Asia wanaoruka kwenye matawi kama wanasarakasi, lakini viungo vya mizani ndani ya sikio vilisema hapana, huyu alitembea mitini kwa tahadhari. Yote hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017, na fuvu likabaki zima. Profesa Nengo alifariki Januari 2022.

Na kisha Mtoto. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbaji walikuta mwaka 2013 sehemu ya shimo dogo. Mwaka 2017 walilifikia vizuri, mita 3 hivi chini ya sakafu ya pango. Mifupa iliyokuwemo ilikuwa laini mno, ikigeuka unga ikiguswa. Hawakuing'oa. Waliuzungushia plasta udongo wote ukiwa na mifupa ndani yake, wakaubeba hadi Makavazi ya Kitaifa Nairobi, kisha ukapelekwa kituo cha CENIEH mjini Burgos, Uhispania. Huko, kwa maikro-CT na kazi ya uangalifu ya mikono, wakakuta mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ilivyosogea iliashiria kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefunikwa na kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa kwenye kitu kama mto, ambacho kilioza. Miaka 78,000. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa leo kujulikana Afrika, lilipotangazwa mwaka 2021.

Hebu fikiria. Kama pango hilo lingechimbwa kwa vifaa vya mwaka 1950, huyu mtoto angeishia kuwa unga kwenye chekecheo. Kilichotufanya tujue kwamba kuna watu waliomfunika na kumwekea mto ni uamuzi wa kutofungua.

Kwa haki niseme pia kwamba CT si jicho la Mungu. Inaonyesha jinsi kitu kinavyonyonya miale, basi. Mfupa na mwamba vikinyonya sawasawa, mtu lazima akae mbele ya kioo na kuchora mpaka kwa mkono, tabaka baada ya tabaka, wiki nyingi. Tena miale mikali inaweza kuvuruga DNA ya kale na baadhi ya njia za kupima umri wa meno, kwa hiyo neno "bila kuharibu" lina nyota yake pembeni. Na picha haijielezi. Lucy wa Ethiopia alipimwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin mwaka 2008, siku 10, zaidi ya matabaka 35,000. Mwaka 2016 John Kappelman na wenzake wakasema mivunjiko ya mifupa yake inaonyesha alikufa kwa kuanguka mtini. Donald Johanson, aliyemgundua Lucy mwaka 1974, na Tim White wakakataa, wakisema mifupa mingi ya wanyama huvunjika hivyo baada ya kufa. Vokseli ni zile zile, maelezo mawili.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Ubishi huo unamalizwaje? Kwa kila mwenye ujuzi kuweza kufungua faili na kutazama mwenyewe. Kwa idhini ya Ethiopia, faili za bega na goti la Lucy ziliwekwa wazi mtandaoni mwaka 2016, ili yeyote azipakue na hata kuzichapa kwa mashine ya pande tatu. Huo ni mfano mwema.

Mfupa ukitoka nchini unahitaji kibali, na ukirudi unarudi na karatasi zake. Faili haipiti forodhani. Alesi na Mtoto walisomwa Ulaya kwa sababu mitambo ilikuwa huko, na sinkrotroni sidhani tutajenga kesho. Silalamiki juu ya hilo. Lakini baada ya mtambo kuzimwa, kazi iliyobaki ni ya kompyuta: kurudisha picha, kutenganisha mfupa na mwamba, kupima, kubishana. Hiyo haihitaji kuwa Grenoble wala Burgos. Inahitaji mtu anayejua hesabu za vyumba vinne, na subira. Programu kama 3D Slicer na Fiji ni za bure na msimbo wake uko wazi. Hazina ya MorphoSource ya Chuo Kikuu cha Duke ina maelfu ya faili za mifupa na visukuku, nyingine ukizitaka unaomba ruhusa.

Kizuizi chetu ni cha kawaida zaidi. Faili ya vokseli 2,000 kwa 2,000 kwa 2,000, kila moja baiti 2, ni gigabaiti 16. Kompyuta yangu ya gigabaiti 8 inaikataa mlangoni, na bando la kuipakua litakula pesa ya wiki. Nimezoea kuikata vipande, kuisoma kipande kimoja kimoja kutoka kwenye diski, na kuhifadhi kila hatua maana umeme wetu haubishi hodi unapoondoka. Ni kazi ya kuudhi, lakini ndiyo kazi tuliyosomea chuoni. Tumejifunza kuandika mifumo ya maduka na ya karo za shule. Sioni kwa nini tusijifunze kusoma vichwa vya mababu zetu.

Kama uko chuoni unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, anza na avokado. Ukishaona kokwa ikitokea kwenye kioo bila kisu, njoo hapa utuambie, nitakusaidia na hatua inayofuata.

Haya, tuonane tena Mungu akipenda. Maoni yenu nayasubiri kama kawaida.